Vijidudu vilivyouawa kiribani: kisa cha kitalu cha viungo Madale

Kiriba cha kwanza tulichokipasua pale Madale, pembezoni mwa Dar es Salaam, kilikuwa na mbolea ya kuku ambayo bado inanuka, kilikuwa kimemwagiwa dawa ya ukungu yenye kabendazimu, na juu yake kimenyunyiziwa unga wa kuvu rafiki aina ya trikoderma ambao mwenye kitalu aliununua kwa bei ya kuuma. Katikati ya vyote hivyo palikuwa na mzizi wa pilipili manga, mweusi. Ukiuvuta kwa vidole, ganda linabaki mkononi na uzi wa ndani unatoka peke yake.

Mwenye kitalu ni mwalimu mstaafu, na mtaa mzima unamwita Mwalimu hadi leo. Alikuwa ameniita baada ya kupoteza sehemu kubwa ya miche yake katikati ya masika, wakati ambao wateja wa Mkuranga, Kisarawe na Bagamoyo walikuwa wanapiga simu kuulizia mzigo wao. Hakunizungusha. "Vijidudu vyenu nimemwaga, dawa nimemwaga, na miche inakufa vilevile. Sasa niambie, baba, kipi kati ya hivyo ni uongo?"

Hakuna kilichokuwa uongo. Kila kimoja kina kazi yake ya kweli, na kisa chote kiko hapo. Naandika kwa urefu kwa sababu miaka hii unga na maji ya vijidudu vimejaa madukani, wauza miche wa Dar wanavinunua, na wengi wanaishia kusema ni utapeli. Msimamo wangu ni kwamba kitalu ndiyo mahali ambapo vijidudu hivi vinalipa kuliko popote, kwa sababu udongo ni kidogo, mche ni mchanga, na unachokiweka kwenye mzizi leo kinasafiri nao hadi shambani. Lakini havilipi kwa mtu anayeviua kwa mkono wa pili.

Mzigo ulivyoandaliwa

Pingili zilitoka Muheza, upande wa Usambara Mashariki, ambako pilipili manga hupandishwa kwenye miti hai. Zilikatwa vizuri, za macho mawili hadi matatu, kutoka kwenye mashina yanayotambaa chini, zikasafirishwa kwa basi ndani ya gunia lililoloweshwa. Hapo sina neno.

Neno ninalo kwenye udongo. Mwalimu alinunua kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kilichojaa udongo mweusi kutoka bondeni, kwenye bustani za mchicha, matango na pilipili hoho. Kwa macho ni udongo mzuri sana: mweusi, laini, unashika maji. Akachanganya na mchanga wa mto na mbolea ya kuku wa nyama kutoka banda la jirani, ikiwa haijapoa. Viriba vikapangwa chini, juu ya nailoni nyeusi iliyotandikwa kuzuia majani. Nailoni ile ilizuia majani kweli, na ikazuia maji pia. Mvua ikinyesha, viriba vilikuwa vinakaa ndani ya dimbwi lenye kina cha kidole. Na kijana wa kumwagilia, ambaye aliambiwa asubuhi na jioni, alimwagilia asubuhi na jioni hata siku ya mvua.

Ugonjwa ulianzia kwenye kona ya chini ya kitalu. Jani la chini linapata doa jeusi, na ukiliinua jani juani unaona kingo za doa hazikukatika sawasawa, zina nyuzinyuzi zinazotangulia mbele kama ncha za ufagio. Kisha shingo ya mche, pale shina linapoingia udongoni, inakuwa nyeusi na laini. Majani yanapukutika yakiwa bado ya kijani. Halafu kiriba cha jirani, kisha cha jirani yake, kufuata mkondo wa maji. Mkulima akiniambia ugonjwa unafuata maji, huwa nimeshajua nusu ya jibu.

Tuliipima dhana hiyo kwa kopo. Chukua udongo wa kiriba kinachougua, weka robo ya kopo, jaza maji yaliyotulia, kisha elesha juu yake vipande vya jani zima la pilipili manga. Pembeni weka kopo la pili lenye udongo uliochemshwa, na vipande vya jani lilelile. Baada ya siku mbili tatu vipande vya kopo la kwanza vilikuwa na madoa meusi yaliyoanzia pembeni, vya kopo la pili vilikuwa safi. Kipimo hiki hakikupi jina kamili la mdudu, lakini kinakuambia kuna kiumbe chenye mbegu zinazoogelea majini na kushambulia jani hai. Kwa pilipili manga, mshukiwa wa kwanza duniani kote ni jamii ya Phytophthora, hasa Phytophthora capsici, yuleyule anayeozesha pilipili hoho na matango. Na udongo wetu ulitoka wapi? Siwezi kuapa kwamba uliletwa na kirikuu kile, ila ningekuwa mcheza kamari ningeweka hela hapo.

Dawa isiyomgusa mwizi na kumuua mlinzi

Hapa ndipo penye kiini, na ndipo watu wengi wanapoumia.

Phytophthora anafanana na kuvu: ana nyuzi, ana mbegu ndogo, anaozesha. Lakini kwa nasaba hayumo kwenye ukoo wa uyoga na ukungu wa mkate. Yuko karibu zaidi na mwani wa kahawia. Kuta za seli zake zimejengwa zaidi kwa selulosi, wakati kuvu halisi hutumia kemikali nyingine iitwayo kitini. Kabendazimu huua kuvu kwa kushika protini moja inayohitajika seli inapogawanyika. Kwa Phytophthora na nduguye Pythium, dawa hiyo haishiki. Unaweza kumwaga chupa nzima, yeye anaendelea kuogelea.

Trikoderma, kinyume chake, ni kuvu halisi. Kabendazimu inamuua, tena kwa kiwango kidogo.

Kwa hiyo fuata mlolongo wa Mwalimu. Alipoona miche inaugua, alimwaga kabendazimu. Miche ikaendelea kufa. Akarudia. Kisha muuzaji wa duka la pembejeo akamshauri aongeze trikoderma, na kwa kuwa hakutaka kuacha dawa ambayo tayari amelipia, akamwambia apishanishe: mwanzo wa wiki dawa, katikati ya wiki vijidudu. Kila wiki walinzi wapya waliingia kiribani, na kila wiki walifagiliwa kabla hawajakaa, huku mwizi akiwa hajaguswa. Kama ungetaka kubuni mpango wa kumsaidia Phytophthora, usingepata mzuri kuliko huo.

Zipo dawa zinazomgusa kweli, kama metalaksili na chumvi za fosfonati, na uzuri wake ni kwamba trikoderma huzistahimili. Sisemi zitumike ovyo. Metalaksili ikirudiwarudiwa bila kubadilishana na nyingine, Phytophthora huizoea, jambo lililokwisha kutokea sehemu nyingi duniani. Lakini mtu anayetaka kuchanganya dawa na vijidudu sharti ajue ipi inavumilika na ipi haivumiliki, na hilo halisomwi kwenye picha ya jani la kijani iliyo mbele ya pakiti. Linasomwa kwenye jina la kiambato, kwa maandishi madogo nyuma.

Pakiti yenyewe nayo ilikuwa na kasoro zake. Ilikuwa imepangwa kwenye kioo cha mbele cha duka, upande wa jua la mchana. Haikuwa na tarehe ya kwisha muda, haikutaja idadi ya mbegu hai kwa gramu, haikuwa na namba yoyote ya usajili. Trikoderma iliyochanganywa na ulanga au unga wa kaolini, ikiwekwa mahali pakavu na baridi, huishi miezi michache. Kwenye kioo cha duka la Dar mwezi Februari, hesabu inakuwa nyingine.

Tukaijaribu kwa wali. Kikombe cha wali mkavu usio na chumvi wala mafuta, ukiwa umepoa, kwenye chombo kilichosafishwa kwa maji ya moto, ukanyunyiziwa chembe ya unga ule; kikombe cha pili kikaachwa bila kitu. Trikoderma hai huota haraka: kwanza utando mweupe wa pamba, kisha ndani ya siku tatu hadi tano unageuka kijani kuanzia katikati. Wa Mwalimu ulitoa madoa mawili ya kijani na sehemu kubwa ikawa ya kamasi yenye harufu kali, yaani bakteria wa kuozesha. Kipimo hiki kina udhaifu, maana ukungu mwingine pia huwa wa kijani. Ila pakiti inayoshindwa kuota kwenye wali haiwezi kupigana na Phytophthora kwenye dimbwi.

Kuna waliomwambia kosa lilikuwa maji ya bomba, kwa sababu ya klorini. Jambo hili linakuzwa. Klorini inayobaki kwenye maji ya bomba ni kidogo, na ikifika kwenye udongo wenye mboji inakwisha nguvu mara moja. Panapofaa kujihadhari ni ndani ya ndoo ya kuchanganyia, ambapo vijidudu vinaogelea kwenye maji yenyewe. Acha maji wazi usiku kucha kwenye ndoo, inatosha. Kwa Dar ningehofia zaidi chumvi ya visima kuliko klorini ya bomba.

Mbolea ya kuku na kijidudu wa pili

Mwalimu alikuwa ameshawishika pia na mikoriza, na kwenye miche ya karafuu alikuwa ameweka chembechembe zake mapema. Nayo haikuonyesha kitu. Hapa hakukuwa na kabendazimu. Kulikuwa na mbolea ya kuku.

Mikoriza ni kuvu wanaoishi ndani ya mzizi hai. Wananyoosha nyuzi zao, nyembamba kuliko vinyweleo vya mzizi, hadi kwenye matundu ya udongo ambako mzizi haufiki, na kuleta fosforasi, zinki na maji kidogo. Mche nao unawalipa kwa sukari. Malipo si madogo: kati ya asilimia 4 na 20 ya chakula chote ambacho majani yanatengeneza. Zaidi ya asilimia 70 ya aina za mimea ya nchi kavu hufanya biashara hii, pilipili manga, karafuu, mdalasini na iliki zikiwemo.

Sasa, mche hauna ujinga. Ukizungukwa na fosforasi ya bure, hauoni sababu ya kumlipa mtu wa kuileta. Unafunga mlango. Mbolea ya kuku ina fosforasi nyingi, na Mwalimu alikuwa ameongeza mbolea ya dukani ya DAP, ambayo asilimia 46 yake huhesabiwa kuwa ni oksaidi ya fosforasi. Mikoriza aliyeingizwa hapo alikuta hana kazi wala mshahara.

Udongo wa mchicha nao ulichangia kwa njia ambayo watu hawaijui. Mchicha, kabichi na sukuma wiki ni katika mimea michache isiyoshirikiana na mikoriza. Tuta lililolimwa mchicha baada ya mchicha kwa miaka, kama yalivyo mabonde mengi ya jiji hili, huwa limebaki na mikoriza wachache sana wa asili. Ukiuza miche ya viungo na udongo wako unatoka kwenye mchicha, unaanzia chini ya sifuri.

Tulivyoanza upya

Mwalimu alitaka kuanza wiki ileile. Nikamwomba tusubiri masika yaishe. Kipindi cha kipupwe tulikitumia kujenga vichanja vya mirunda, magoti ya mtu mzima kutoka chini, ili kila kiriba kichuruzike. Viriba vikaongezwa matundu. Kijana wa kumwagilia akafundishwa kuchomeka kidole kabla ya kushika mpira. Nayataja haya kwa ufupi lakini yana uzito mkubwa, nitarudi kwayo.

Udongo ulitoka sehemu nyingine, ukachanganywa sehemu mbili za udongo, moja ya mchanga, moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa, ambayo Madale haikosekani kwa kuwa kuna wafugaji wa maziwa. Kisha tukauanika kwa jua. Njia hii ilichapishwa mwaka 1976 na Jaakov Katan na wenzake huko Israeli: unalowesha udongo, unautandaza kwa unene wa shubiri moja hivi, unaufunika kwa nailoni ya kuonyesha, unafukia kingo, unauacha wiki nne hadi sita. Watu hukimbilia nailoni nyeusi wakidhani nyeusi ndiyo yenye joto. Nyeusi inapata joto yenyewe. Ya kuonyesha inapitisha mwanga na kulifungia joto ndani ya udongo. Dar, Januari na Februari ndiyo jua lenyewe, lakini hatukuweza kusubiri hadi hapo, tukaanika Agosti na Septemba tukaongeza muda.

Joto hilo linaua wabaya na baadhi ya wema. Udongo uliotoka juani hauna wenyeji wengi, na atakayewahi kuingia ndiye atakayetawala. Ndiyo sababu vijidudu vinaingizwa pale pale udongo unapopoa, si mwezi mmoja baadaye ugonjwa ukishabisha hodi.

Trikoderma mpya ilinunuliwa ikiwa na tarehe, idadi ya mbegu na usajili, ikapita kipimo cha wali, kisha hatukuimwaga moja kwa moja. Tuliikuza kwanza. Utaratibu ambao watafiti wa viungo wa India wamekuwa wakiueneza kwa wakulima ni kilo moja ya unga kwa kilo 90 za samadi iliyooza na kilo 10 za mashudu ya mwarobaini. Sisi tulipunguza kwa uwiano uleule. Rundo linanyunyiziwa maji hadi ukilikamua mkononi libaki tonge bila kudondosha, linafunikwa kwa magunia mabichi kivulini, linageuzwa baada ya wiki. Karibu na wiki ya pili, ukifunua gunia unaona unga wa kijani umeshika vipande vya mashudu na harufu imebadilika kuwa ya msitu baada ya mvua. Kilo moja imekuwa rundo zima, na kuvu wameshaanza kula na kuongezeka kabla ya kukutana na adui. Hatua hii moja ndiyo inayofanya gharama ivumilike.

Mikoriza hakuzwi hivyo. Hawezi kuishi bila mzizi hai, kwa hiyo mtu anayekuuzia "maji ya mikoriza" aliyoyachachusha na molasi kwenye pipa anakuuzia kitu kingine. Yale maji ya kuchachua, ya mtindo ulioanzishwa na Teruo Higa wa Okinawa, Japani, yana bakteria wa maziwa na hamira, na yana watu wake wanaoyapenda kwa mboji. Mikoriza hawamo. Ukitaka kuwazalisha mwenyewe, unapanda mtama kwenye ndoo ya udongo uliochemshwa au kuanikwa, unaweka mbegu kidogo ya mikoriza chini ya punje, unaulea mtama miezi mitatu bila fosforasi, unaunyima maji siku za mwisho, unakata juu, na kilichobaki, mizizi iliyokatwakatwa pamoja na udongo wake, ndiyo mbegu yako. Kijiko kikubwa kimoja kiliwekwa chini ya kila pingili, pale mzizi utakapochomoza.

Mistari ikawa minne kwa pilipili manga: usio na kitu, wenye trikoderma, wenye mikoriza, na wenye vyote. Mwalimu alinung'unikia mstari usio na kitu. "Huo ni wa nini sasa, wa kafara?" Bila huo, Mwalimu, mwakani utaniuliza tena kipi ni uongo.

Tulichokiona

Mstari usio na kitu haukufa. Hilo ndilo la kwanza, na ndilo ambalo wauzaji wa vijidudu hawatakuambia. Vifo vilivyokuwa vimejaza kitalu masika iliyotangulia vilibaki vichache hata pale ambapo hatukuweka kuvu yeyote. Kichanja, matundu, udongo ulioanikwa, samadi iliyooza na mkono uliopunguza mpira vilifanya sehemu kubwa ya kazi. Mwenye hela ya kitu kimoja tu anunue mirunda.

Tofauti ilianza masika ilipoingia. Kona moja ya neti ya kivuli ilikuwa inadondosha maji kwenye ncha za mistari yote minne. Kwenye mstari mtupu shingo nyeusi zikaanza kujitokeza pale kwenye matone. Kwenye mistari yenye trikoderma zilikuwa chache, na mche ulioguswa haukumwambukiza jirani kwa kasi ileile. Kuvu huyu hula nafasi na chakula kabla ya adui, hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha kuta zake, na huuzoesha mche kujilinda. Lakini hana miujiza: miche iliyokuwa chini kabisa ya mdondoko ilikufa hata na trikoderma.

Mikoriza alitushangaza kwa kurudi nyuma. Wiki za mwanzo mstari wake ulikuwa mfupi kuliko ule mtupu, Mwalimu akanitazama kwa jicho la ukaguzi. Mche mchanga wenye majani mawili unalipa sukari kabla haujaanza kupata faida, ni kawaida. Baadaye ukashika kasi, ukalingana, na kufikia wakati wa kuuza ulikuwa mbele kidogo. Kwa urefu wa juu nisingemshauri mtu atumie hela. Kwa mzizi, ndiyo. Ukivua kiriba cha mstari wenye vyote viwili, udongo wote unatoka umeshikana na mizizi myeupe imezunguka hadi chini. Cha mstari mtupu nusu ya udongo inabaki mkononi. Mteja anayebeba mche kwa bodaboda hadi Mkuranga anaijua thamani ya jambo hilo.

Kijana wa kitalu, kwa nia njema, aliona majani ya mwisho wa mstari wa mikoriza yamefifia akaweka DAP bila kusema. Akatupa jaribio la bure. Tulipeleka mizizi ya pande zote mbili kwa mtu wa maabara mwenye hadubini. Mizizi inachemshwa kwenye potashi hadi iwe angavu, kisha inapakwa rangi. Wino wa kalamu ndani ya siki unatosha kabisa. Mzizi usio na DAP ulikuwa na nyuzi na vifuko vya rangi ya wino, na ndani ya seli vichaka vidogo vyenye matawi, pale biashara inapofanyikia. Mzizi wa DAP ulikuwa karibu mtupu.

Karafuu ndiyo iliyofaidi zaidi mikoriza. Inakua polepole, inakaa kitaluni mwaka na zaidi, kwa hiyo kuvu wana muda wa kulipa deni. Majani yalikolea bila mbolea ya dukani. Kwenye tangawizi sikuona tofauti ninayoweza kuitetea. Iliki niliacha kuihesabu. Inataka ubaridi wa milimani, na kwenye joto la Dar unamlea mgonjwa tu hadi gari la Muheza au Morogoro lije.

Kuhusu kununua

Pakiti inayojitangaza kuua magonjwa ni kiuatilifu, na iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Inayojitangaza kuwa mbolea iko chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, TFRA, iliyotokana na Sheria ya Mbolea ya 2009. Isiyo na namba ya huku wala kule, iache hapohapo kwenye kioo chake. Usiende pia kuchota udongo wa msitu Pugu ukidhani unapata mikoriza wa bure: ule ni msitu wa hifadhi, na pamoja na kuvu utaleta minyoo fundo, ile inayovimbisha mizizi vinundu, usiyoiona.

Minyoo hiyo ndiyo inayotusumbua sasa. Katika ndoo za mtama za msimu uliofuata, moja ilikuwa na vinundu kwenye mizizi. Kuzidisha mikoriza na kuzidisha minyoo fundo ni kazi ileile ikiwa mbegu ya kuanzia si safi, na kiriba kimoja chenye vinundu kikifika shambani hakuna kijidudu cha dukani kitakachokirudisha nyuma. Ndoo ile ilichemshwa na kumwagwa mbali na kitalu. Tangu hapo Mwalimu anang'oa shina moja la mtama kwa kila ndoo, analiosha na kulitazama juani kabla ya kukata kitu chochote, na ndoo asiyoiamini haiingii kwenye viriba.